Siku Mama Alipokaa Mbele

Kosa la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kufanya, na nimefanya mengi, muulizeni mke wangu, ni hili: nilimtafutia mama yangu mahali pa kukaa mstari wa mbele kabisa, karibu na viatu vya Bwana wa boma, ili asikie vizuri mwanawe akimtukana. Nilimfagilia vumbi. Nilimtandikia jani la mgomba, nikamwambia akae hapo, maana hapo halitampita hata neno moja. Kisha nikaenda kusimama mbele ya watu, nikakohoa kama nilivyofundishwa, nikaanza kusoma.

Jambo hili nililizika miaka mingi na nikapanda migomba juu yake. Limefukuliwa juzi na mtoto wa shule. Hapa kijijini watoto huniletea madaftari yao jioni kwa sababu nilifika sekondari, na watu hawajui kwamba muda wangu mwingi kule niliutumia kuhesabu siku za kurudi nyumbani. Basi msichana mmoja mdogo aliagizwa na mwalimu wake aandike jambo alilolifanya mwenyewe likamfanya ajivunie. Alikuwa ameandika mistari minne: kwamba alivuka mto juu ya gogo akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, na mdogo wake hakuamka. Basi, hapo akaweka nukta. Mimi, mtaalamu, nikaona ni kidogo. Nikachukua kalamu, nikakata, nikaanza kumwandikia habari za kushika nafasi ya kwanza darasani, za makofi, za wazazi kulia kwa furaha. Mtoto akalitazama daftari lake jinsi unavyoitazama sahani yako mtu mwingine anapotia mkono. Akasema polepole, "Lakini babu, mimi nilikuwa wa kumi na sita."

Kalamu ikanifia mkononi. Hapo hapo puani ikanijia harufu ambayo sijaisikia tangu utotoni, harufu ya kibao cha kuandikia kilichofutwa kwa mate na kiganja. Nilimrudishia daftari, nikamwomba radhi, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mke wangu akauliza nimekasirishwa na nani. Nikamjibu kwamba nimekasirishwa na mwalimu mmoja aliyekwisha kufa zamani, na mzee mmoja mpumbavu ambaye bado yu hai na anasubiri chai.

Ninyi wa rika langu mnajua tulivyolelewa. Enzi za Wadachi, huku kwetu kaskazini mwa ziwa, mvulana akifikia kama miaka kumi hakulala tena kwa wazazi wake. Alikwenda na wenzake kujenga vibanda vyao pembeni, vya mianzi na matete, kikawa kijiji cha wavulana watupu. Huko tulilala, tukapigana, tukahukumiana. Lakini tumbo lilibaki kwa mama. Kila siku kundi zima liliondoka kwenda kula kwa mama wa mmoja wetu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mvulana aliyenyemelea kwenda kula peke yake kwa mama yake alionekana mchoyo, na mchoyo kwetu alikaribiana sana na mchawi.

Kibanda changu kiliegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri. Wenzangu walisema kinaelekea kwa mama, na walisema kweli. Mvua ikitishia tu, asubuhi nilikutwa nyumbani nimejikunja ubavuni mwa ng'ombe. Ndivyo nilivyozaliwa. Wengine wanapenda safari. Mimi nikiuona mto Songwe tu huona nimekwisha fika ughaibuni.

Kundi letu lilikuwa la watu tisa. Mkubwa wetu aliitwa Asajile, mvulana mwenye kifua na sauti, na mama yake alikuwa jirani yetu, ng'ambo tu ya migomba yetu. Kwa mama Asajile kulikuwa na ng'ombe wengi na vibuyu vya maziwa ya mgando vilivyonuka moshi mzuri. Kulikuwa pia na ulimi wa mama Asajile. Yule mama hakumsifu mtu. Ukimwamkia kwa adabu alikuuliza unataka nini. Akila kwako alikuambia chumvi imezidi, akiondoka alikuambia mlango wako unalia. Watu walimwogopa na bado walimwalika, sijui kwa nini, au siku hizo sikujua.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Baba alichukuliwa na askari kwenda kubeba mizigo ya serikali. Walisema atarudi kabla ya mavuno. Mavuno yalikuja, yakapita, yakaja mengine. Ng'ombe mmoja baada ya mwingine alikwenda alikokwenda, akabaki mmoja mkongwe ambaye alikuwa ameacha kutoa maziwa na kazi yake kubwa ilikuwa kunipa joto. Kwa hiyo zamu ya kula kwa mama yangu ilipofika, mimi nilisema mama anaumwa. Zamu nyingine nilisema amekwenda kwa wajomba. Nyingine nilisema nyuki wameingia ndani. Wenzangu walinisikiliza, wakatikisa kichwa, wakageuza njia kwenda kwa mama wa mwingine. Hilo ndilo lililonichoma. Asajile, aliyebishana na kila mtu hadi na ng'ombe, kwenye uongo wangu wa nyuki hakubisha.

Ikawa hivyo mwezi hata mwezi. Kumbe mama alikuwa anahesabu zamu. Siku moja tumekaa mbele ya vibanda vyetu tunachonga fimbo, tukamwona amesimama kwenye kijia, pale ambapo akina mama hawakuzoea kufika, ameshika jembe. Hakunitazama mimi. Alimtazama Asajile akamwuliza, "Kwani mimi sina mtoto huku?"

Asajile akainuka, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Unaye, mama."

"Basi njooni mle."

Tulikwenda tisa kwa mstari, mimi wa mwisho. Nilijua nyumbani hakuna kitu. Nilipiga hesabu ya uongo mpya njia nzima, nikafika mlangoni sijapata hata mmoja. Na pale uani, juu ya majani ya mgomba yaliyotandazwa mawili mawili, palikuwa na mlima. Mbalaga, zile ndizi mbichi zetu za kupika, zimeiva zikang'aa, na samaki wa ziwani wamechanganywa humo, wale wadogo watamu, na mchuzi unapita katikati kama kijito. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama alisuka mikeka miwili, akatembea nayo hadi ufukweni kwa wavuvi, akarudi na samaki. Siku ile sikujua lolote. Nilidhani mama ni mtu wa miujiza.

Tulikula jinsi wavulana wanavyokula. Viwiko viligongana. Wawili waligombania kichwa cha samaki, kikaangukia mavumbini, wakakifuta na kukigombania tena. Asajile alilamba jani, akaligeuza, akalitazama kwa nyuma kama kuna kilichojificha. Mmoja wetu alishikwa na tumbo akalala chali anaguna, na mama akamcheka. Wakati wa kuondoka walisema "ndaga", asante yetu, mmoja mmoja, kisha njiani Asajile akanipiga ngumi begani, ngumi nzito, akasema kwa hasira ya kweli, "Na wewe ulikuwa unatuficha haya?"

Niliumwa bega siku tatu. Sijawahi kufurahia maumivu kama yale.

Sasa njooni kwenye shule. Serikali ilitaka watoto, machifu wakaambiwa watoe watoto, na wazazi walitoa wale ambao hawakuwa na faida kubwa machungani. Mimi nilikuwa wa kwanza kutolewa. Asajile alikuja kwa hiari yake, kwa sababu hakutaka liwepo jambo ambalo yeye hayumo. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, wa bahari ile kubwa, mwenye kanzu safi na mwandiko mzuri kama kitambaa cha kudarizi. Alitufundisha Kiswahili, nasi tulikipokea kama wageni wanavyopokea chakula wasichokijua, kwa kutazamana kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe alikuwa mbaya, hasira yangu ingepata pa kukaa. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake yote ilikuwa ya Bwana wa boma, mkuu wa serikali ya Wadachi huku kwetu.

Bwana akatuma habari kwamba atakuja kuikagua shule. Alitaka wazazi nao waitwe, waone matunda. Mwalimu akakosa usingizi. Akatuambia kila mmoja aandike kwenye kibao chake jambo moja alilolifanya mwenyewe, la kweli, lililomfanya aone fahari, naye atatusaidia kulinyoosha. Watakaofanya vizuri watasoma mbele ya Bwana.

Mimi sikuwaza hata kidogo. Niliandika kwa mkono uliopinda, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, kwamba wenzangu wanane walikula kwa mama yangu wakashiba. Ni hayo tu. Nilikiangalia kibao changu nikaona sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile, na kwa kweli sijaandika tena.

Mwalimu alipita safu kwa safu akisaidia. Asajile alikuwa ameandika jinsi alivyoongoza fahali mkali kuvuka mto uliofurika. Alipokwisha kusaidiwa, yule fahali alikuwa amekuwa sanduku la Bwana, na Asajile alikuwa amelibeba kichwani bila kulilowesha. Mwingine aliyemponya mbuzi wa bibi yake alijikuta anapenda kunawa mikono. Mwalimu alipofika kwangu alisoma, akaniuliza kwa maneno na kwa vidole, nikamweleza kwa maneno na kwa tumbo. Akaelewa. Aliguna.

"Bwana anatoka boma siku mbili njiani," alisema, "afike hapa wewe umwambie mmekula ndizi?"

Nikamwambia na samaki.

"Kula si kazi, mtoto. Hata kuku anakula. Wewe ulifanya nini?"

Hilo swali, kusema kweli, ndilo lililonikasirisha umri wangu wote. Ningemjibu nini? Ningemwambia kwamba nilimaliza miezi nasema uongo, na siku ile moja sikulazimika kusema? Angeniuliza jambo jingine dogo tu. Angeuliza ndizi zilitoka wapi, au nani alilamba jani, au kwa nini hawakuja kula siku zote za nyuma. Ningemmwagia habari hadi jua lizame. Juzi yule msichana wa gogo, siku ya pili yake, nilimwuliza tu kama gogo lilikuwa na utelezi na kama mdogo wake ni mzito, akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Ndiyo kazi yote ya kumsaidia mtoto kuandika: kuuliza, na kunyamaza. Mwalimu wangu hakuwa na nafasi ya kuuliza. Alilowesha kiganja chake, akafuta kibao changu mara moja, kulia kwenda kushoto, wale wanane na mama yangu wakaenda na mate. Akaandika mengine kwa ule mwandiko wake mzuri.

Hapa ndipo ujinga wangu unapokomaa. Yale mengine niliyapenda. Yalikuwa marefu. Neno mama lilikuwemo mara tatu, nililihesabu. Niliona neno chakula, nikaona neno mchele, nikafikiri mwalimu ameongeza mchele kwa heshima, kwa kuwa mchele ni chakula cha wakubwa. Niliona njaa, nikajua hiyo ni ya wenzangu, maana ndio waliokuja na njaa, nani mwingine? Fukara na hisani sikuyajua, nikayachukulia kuwa ni mapambo. Nikakariri kibao kizima, kwenye migomba, kwenye maji, ubavuni mwa ng'ombe wetu mkongwe aliyeyasikia mara mia na hakunionya. Halafu nikamsihi mama aje. Mama hakuwa mtu wa kwenda kwenye mambo ya serikali, tangu lile la baba. Nilimwambia anatajwa. Nilimwambia anatajwa mara tatu.

Akaja. Alijipaka mafuta, akajifunga nguo yake nzuri. Mama Asajile naye alikuja, akakaa mstari wa pili nyuma yake, akamwambia jani alilokalia ni bichi litamlowesha.

Bwana alikaa kwenye kiti, kofia magotini. Kando yake alisimama mkalimani, mtu wa huku huku kwetu, aliyeletwa ili wazazi wasikie kwa Kinyakyusa yale ambayo watoto wao watayasoma kwa Kiswahili. Hilo mimi sikuambiwa. Asajile alitangulia kusoma habari za sanduku, akalibeba kwa sauti kubwa hadi mwisho, na mkalimani alipotafsiri watu wakacheka, kwa sababu wote walikuwepo siku ya fahali. Asajile akacheka nao. Kwake yeye fahali alikuwa bado ni fahali.

Nikaitwa mimi. Nikakohoa. Nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti yangu yote, macho kwa mama, nikanyamaza kumpisha mkalimani. Mkalimani akasema kwa lugha ya kwetu, "Mimi ni mtoto wa mwanamke fukara."

Nilidhani amekosea. Nikasoma ya pili. Akasema, "Nyumbani kwetu hakuna chakula."

Mwalimu alikuwa nyuma yangu, naisikia pumzi yake. Bwana alikuwa ananitikisia kichwa niendelee. Na kitu ulichokikariri kina miguu yake, ukikianzisha kinakwenda chenyewe. Nikasoma ya tatu, na kwa mara ya kwanza nikajua ninachosema, kwa sababu nilikisikia kinarudi kwa lugha ambayo mama alinilelea: mama yangu alilala na njaa siku nyingi. Ya nne: nilipopewa mchele shuleni kwa hisani ya serikali, sikuula. Ya tano: nilimpelekea mama. Shule ile haikuwahi kutupa hata punje moja ya mchele, nawaapieni. Sauti yangu ilikuwa inapungua kila sentensi, na ya mkalimani ilikuwa inapanda, maana aliiona habari tamu. Ya sita: mama akala, akalia, akaibariki serikali. Ya mwisho: siku hiyo niliona fahari.

Hakuna aliyecheka. Wenzangu wote wanane, hata Asajile, walitazama chini. Mama alikaa vile vile, mgongo umenyooka, mikono magotini, ananitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa njia na mgeni na anafikiria namna ya kujibu.

Bwana ndiye aliyeguswa. Alimwuliza mkalimani kama mama huyo yupo, na mkalimani hakuhitaji kumtafuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimemweka tayari karibu na viatu. Wakatumwa wapagazi kwenye mizigo. Ukaletwa mfuko wa mchele, pishi nne hivi, ukatuliwa mbele ya mama mbele ya watu wote, na watu wakaambiwa wapige makofi, wakapiga. Hebu fikirini nami. Serikali ilimchukua baba yangu kwenda kubeba mizigo yake, ikamrudishia mama pishi nne kutoka kwenye mizigo ile ile, na makofi juu. Na mwenye kuitia sahihi biashara hiyo ni mimi.

Kukataa kitu cha Bwana ilikuwa hatari, kila mtu alijua. Mama aliinama, akapokea kwa mikono miwili, akajitwika. Mwalimu alinishika bega lile lile alilolipiga Asajile, akaninong'oneza kwa furaha, "Unaona nilivyokusaidia?" Niliona alivyonisaidia.

Njiani mama alitangulia na mfuko kichwani, mimi nyuma. Tulitembea hadi tukafika kwenye migomba yetu ndipo aliposema, bila kugeuka, "Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua.

"Sasa unajua," alisema, akaingia ndani.

Laiti angenichapa. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko fimbo. Asubuhi tulikuta mkungu wa ndizi mlangoni, hatukujua wa nani. Kesho yake kibuyu cha maziwa. Wanawake waliokuwa wakimwita mama kwa sauti kutoka mbali sasa walikuja karibu wakamwita taratibu, kama kuna mgonjwa. Na kwenye kijiji chetu cha wavulana zamu ya mama yangu ilipofika, safari hii sikusema uongo wowote. Nilisimama nikasema twendeni kwetu. Wenzangu wakatazamana. Asajile akachokonoa ardhi kwa fimbo, akasema mama zao wamewaambia wasiende kummalizia yule mama chakula chake. Alisema kwa upole. Asajile, kwa upole. Nilitamani anipige ngumi bega la pili.

Nilimweleza mama. Sikuwa na la kuficha tena. Alikuwa anafagia zizi. Akamaliza kulifagia hadi mwisho, akatoka, akanawa, akaufungua ule mfuko ambao ulikuwa umekaa pembeni tangu siku ile haujaguswa. Akaumimina wote chunguni. Wote, bila hata kuuchambua kwa makini, kama mtu anayetaka jambo liishe. Akasema niwaambie wenzangu kwamba chakula kimeiva, na wasipokuja atakuja mwenyewe kuwachukua, na safari hii hatakuja na jembe tu.

Wakaja. Wali ulikuwa mwingi, mweupe, unafuka, juu ya majani ya mgomba pale pale uani. Wakakaa kuzunguka, viwiko vimebanwa ubavuni. Walichukua matonge madogo, madogo, ya kumega kwa vidole vitatu. Walitafuna polepole. Mmoja alisema wali ni mzuri sana, na wa pili akasema kweli ni mzuri. Hakuna aliyegombania kitu. Baada ya muda mfupi wakaanza kufuta mikono mmoja mmoja na kusema ndaga, ndaga mama, tumeshiba, na mlima wa wali ulikuwa umebaki vile vile, umechimbwa pembeni kidogo kama panya amepita. Walikuwa wanamwachia. Nilijua, nao walijua kwamba najua. Mama alikuwa amesimama karibu na nguzo ya mlango, ameshika upawa, anaangalia ule wali uliobaki, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Bwana nikaona kidevu chake kinacheza.

Hapo ndipo mama Asajile alipotokea kwenye migomba. Hakubisha hodi. Hakumwita mama kwa upole. Alipita katikati ya wavulana, akamsukuma mwanawe kwa goti ampishe, akakaa chini kwa kishindo, akazamisha mkono kwenye wali akatoa tonge kubwa kama ngumi. Akalitia lote mdomoni. Akatafuna. Tukasikia kitu kimelia kwenye meno yake. Akakitoa kwa vidole viwili, akakiinua juu akakichunguza kwenye mwanga, akakitupa mgongoni, akazamisha mkono tena akatoa tonge la pili kubwa kuliko la kwanza. Wavulana wakaacha kufuta mikono. Mama alishusha upawa.

Mama Asajile alimeza, akajipangusa mdomo, akanigeukia mimi.

"Wali wa mama yako una mawe," alisema. "Mwambie mwalimu wako akuandikie na hilo."